Kioo cha kunyolea kwenye bafu dogo: tunayoambiana na yaliyo kweli

Siku ukitoka kuoga maji ya moto na kioo kimejaa ukungu, funga jicho moja, chora kwa kidole mzunguko wa uso wako pale pale unapouona, halafu chukua rula upime. Utakuta ule mchoro ni nusu ya uso wako, yani kama toka utosini mpaka kidevuni una sentimita 24 basi kwenye kioo umetumia 12 tu. Sasa rudi nyuma hatua mbili utazame tena, uso bado unaenea ndani ya mstari ule ule.

Nimeanza na hilo jaribio kwa sababu dhana inayowapotosha wengi ni hii ya kwamba bafu likiwa dogo lazima uweke kioo kikubwa ndo utaona vizuri, au kama kioo ni kidogo basi simama mbali uso utaenea. Hapana. Kioo bapa cha kawaida hakifanyi kazi hivyo, kinachotakiwa ni nusu ya kile unachotaka kukiona na umbali haubadilishi chochote hapo. Kioo cha sentimita 17 hadi 20 kinatosha uso na shingo na bado una nafasi ya kugeuza kichwa. Kioo kikubwa kinalifanya bafu lionekane pana, hilo ni kweli na ni zuri, ila hiyo ni kazi nyingine kabisa, sio ya kunyoa.

Umbali haubadilishi ukubwa wa kioo unachohitaji, ila unabadilisha unavyouona uso wako, ndo maana kitu cha kupima kwenye bafu dogo ni umbali. Mara nyingi kioo kiko ukutani juu ya sinki na wewe sinki linakuzuia, sa ukisimama nusu mita kutoka kwenye kioo, uso wako unauona kama mtu aliyesimama mita nzima mbele yako, maana sura inaonekana nyuma ya kioo kwa umbali ule ule uliosimama wewe. Ndo maana mtu anainama juu ya sinki mpaka mgongo unauma na bado anaacha vindevu chini ya taya. Kioo kidogo chenye mkono wa kukunja, ule unaovutwa kutoka ukutani ukimaliza unausukuma urudi, kinamsaidia huyu mtu kuliko kioo cha ukuta mzima, kwa sababu kioo ndo kinakufata wewe.

Halafu kuna hii ya "kadiri kinavyokuza ndivyo utakavyonyoa vizuri", na hapa naomba tuelewane vizuri kwa sababu watu wanaumia ngozi. Kioo kinachokuza kimebonyea kidogo kwa ndani kama sahani, na kinakuza sawasawa ukiwa ndani ya umbali fulani tu. Ukivuka huo umbali sura inaanza kuwa na ukungu, ukizidi kurudi nyuma inageuka juu chini kabisa, na hapo kioo sio kibovu, ndo kilivyo. Sasa kadiri namba ya kukuza inavyopanda, huo umbali unazidi kuwa mfupi. Kioo cha mara 10 kinakutaka usogee karibu mno mpaka mkono wenye wembe hauna pa kupita vizuri, na unachokiona ni kipande cha shavu tu. Kunyoa kunataka uone eneo pana, ujue ndevu za hapa zinalala upande gani na za shingoni zinageukia wapi. Kwa kunyoa mara 2 au 3 inatosha, hivyo vya mara 10 vinafaa zaidi kwa kung'oa unywele mmoja mmoja au kutoa mwiba.

Na kuna hatari ambayo haisemwi sana. Ukiona kila kinywele kimekuwa kama mti unaanza kukifukuza, unapitisha wembe mara ya tatu, ya nne, unavuta ngozi, unabonyeza. Kwa mwenye ndevu za kujikunja hiyo ni njia ya moja kwa moja ya kupata vipele, kwa sababu unywele ukikatwa chini sana unajificha ndani ya ngozi, ukianza kuota unajikunja na kuichoma ngozi kutokea ndani. Mimi nilikuwa na hivyo vipele shingoni kwa muda mrefu nikawa nalaumu wembe, kumbe shida ilikuwa kioo kilichokuza kupita kiasi kinachonifanya nisijue pa kuishia. Nilipogeuza upande wa pili wa kile kile kioo, upande bapa, na kutumia wa kukuza kwa ukaguzi wa mwisho tu, shingo ikatulia. Kwahiyo chenye pande mbili ndo nakipendekeza kwa yeyote.

"Hiki hakipati ukungu", ndo unavyoambiwa ukienda kununua kioo. Kioo chochote kikiwa baridi na hewa imejaa mvuke kitapata ukungu, ni matone madogo sana ya maji yanayotawanya mwanga. Kuna njia mbili tu za kweli: kioo kiwe na joto, au maji yakitua yajitandaze yawe utando mwembamba badala ya matone. Vile vyenye umeme vina pedi ya joto nyuma, na kinachobaki safi ni pale pedi ilipofika, pembeni kunabaki na ukungu. Vingine vina tangi dogo nyuma unajaza maji ya moto. Vinavyouzwa kuwa vimepakwa dawa vinatumia njia ya pili na ile dawa inaisha taratibu kwa kusuguliwa. Njia hiyo hiyo unaipata kwa sabuni au povu la kunyolea, paka kidogo kwenye kioo kikavu halafu futa na kitambaa kikavu mpaka kionyeshe vizuri, kitakaa safi kwa muda kisha unarudia. Kufuta na taulo kila saa hakusaidii, kioo bado ni baridi na mvuke bado upo, dakika moja mbele umerudi pale pale.

Taa sasa. Watu wanadhani taa inatakiwa imulike kioo, wakati kinachotakiwa kumulikwa ni uso. Bafu dogo kawaida lina balbu moja ya darini, tena iko nyuma ya kichwa chako ukisimama kwenye sinki, kwahiyo uso wako uko kwenye kivuli chako mwenyewe na chini ya kidevu ni giza, na hapo ndo wembe unapokata watu. Ukiweza weka taa pande mbili za kioo usawa wa uso. Ukiwa na dirisha, tundika kioo mahali ambapo uso wako utatazama dirisha, usilipe mgongo. Kioo chenye taa yake kuzunguka ukingo kinasaidia ukiwa karibu nacho, na kama kinatumia umeme angalia kimeandikwa IP44 au zaidi, hiyo 4 ya pili maana yake kinastahimili maji yanayorukia kutoka upande wowote.

Kwamba vya plastiki ni vibaya, sio kweli kwa wote. Akriliki, yani ile plastiki ngumu inayotengenezewa vioo, ina uzito kama nusu ya kioo cha kawaida na ikianguka haitawanyi vipande miguuni, kwa anayenyolea chini ya bomba la kuogea hiyo ndo salama. Udhaifu wake ni mikwaruzo, na ikiwa nyembamba inapinda uso unaonekana umevutwa. Usiifute na spiriti, tumia maji ya sabuni na kitambaa laini.

Vile vya kunyonya ukuta kwa mpira navyo vinasemwa vibaya sana, wakati mara nyingi vimewekwa juu ya rangi au juu ya mstari wa simenti katikati ya marumaru, hewa inapita, kinaanguka usiku. Weka katikati ya marumaru moja inayong'aa, uisafishe mafuta ya sabuni kwanza, ikauke, ndo ubandike.

Weusi wa pembeni sio uchafu, ni fedha iliyopakwa nyuma imeliwa na unyevu, hausuguliki ukatoka. Usipulizie dawa ya kusafishia moja kwa moja kwenye kioo ikachuruzika hadi ukingoni, pulizia kitambaa.

Cha kukuza kisikae pale jua linapopiga moja kwa moja, kinakusanya mionzi sehemu moja na kinaweza kuwasha pazia au taulo.

Na kabla hujatoboa ukuta, mwambie mtu akushikie kioo au kiegeshe kwa utepe wa karatasi wenye gundi nyepesi, nyoa hapo siku tatu nne, usiku na asubuhi, ukiona macho yako yanaangukia katikati ya kioo bila kuinama weka alama ya penseli. Hapo ndo uite mwenye drili.