Jeni zinazompa bakteria makazi utumboni: dhana potofu na ukweli

Mtu anaweza kunywa maji yenye bakteria wa kipindupindu na asiugue. Wakishamezwa, bakteria hao, Vibrio cholerae, hupokewa na asidi ya tumbo inayoua wengi mno. Wanaosalia hukutana na nyongo, kisha ute wa utumbo mwembamba, kisha mikazo ya utumbo inayosukuma kila kilichomo kiende chini. Ugonjwa huja pale waliobaki wanapofaulu kujikita na kuzaliana. Ni jeni zipi zinazowawezesha? Hapo ndipo maelezo mengi yanapopotoka, hata ya watu waliosoma biolojia.

Dhana: Sumu ndiyo kila kitu.

Ni kweli kwamba sumu ya kipindupindu ndiyo inayomfanya mgonjwa atokwe na maji kwa wingi. Lakini kuhara na kujikita ni mambo mawili. Mwaka 1987 watafiti Ronald Taylor, John Mekalanos na wenzao walieleza vinyweleo vya protini vinavyoota juu ya bakteria huyu, vikapewa jina la TCP. Vinyweleo hivyo huwashikamanisha bakteria wao kwa wao hadi wanakuwa vikundi vidogo juu ya utumbo. Mwaka uliofuata yakachapishwa matokeo ya majaribio kwa watu waliojitolea nchini Marekani. Bakteria waliokatwa jeni ya sehemu kali ya sumu walijikita utumboni kama kawaida, ila dalili za ugonjwa zilipungua sana. Bakteria waliokatwa jeni ya vinyweleo hawakuweza kujikita kabisa. Kwangu mimi hili ni mojawapo ya majaribio yaliyo wazi kuliko yote katika elimu ya magonjwa ya tumbo.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1996 Matthew Waldor na Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu huletwa na kirusi kinachoshambulia bakteria, na kirusi hicho huingia kwa kushika vinyweleo vilevile vya TCP. Yaani chombo cha kujikitia utumboni ndicho pia mlango ambao sumu ilipitia kuingia.

Hata hivyo tusiitupe sumu nje ya hadithi. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanyama ulionyesha kuwa inabadilisha mazingira ya utumbo kwa namna inayompa bakteria chakula. Haihitajiki ili aweke makazi, lakini humsaidia kustawi.

Dhana: Ukishasoma jenomu, yaani DNA yote ya bakteria, jeni hizo zitaonekana zenyewe.

Jenomu ya Vibrio cholerae ilichapishwa mwaka 2000: kromosomu mbili, herufi milioni nne hivi, jeni karibu 3,900. Nyingi kati yake hazikujulikana kazi yake. Orodha ya jeni haisemi ni ipi inayohitajika ndani ya utumbo na ipi inayotumika bakteria akiwa kwenye maji ya mto au baharini.

Njia iliyozaa matunda ni ya kuharibu. Watafiti hutumia transposoni, kipande cha DNA kinachojichomeka popote kwenye jenomu na kuvuruga jeni kinapotua. Wakipata maelfu ya bakteria, kila mmoja kavurugwa mahali pake, huwachanganya na kumlisha mnyama. Baadaye huhesabu: nani aliingia, nani alitoka? Aliyeingia asionekane tena anashukiwa kuwa amepoteza jeni ya lazima. Mwaka 1995 David Holden na wenzake jijini London waliweka alama ya DNA kwa kila bakteria wa Salmonella aliyevurugwa ili waweze kuwafuatilia wengi ndani ya panya mmoja, na mwaka 1998 mbinu hiyo ikatumika kwa kipindupindu. Tangu 2009 mashine za kusoma DNA zinahesabu transposoni za jenomu nzima kwa mkupuo mmoja.

Dhana: Bakteria akipotea, jeni yake imethibitishwa.

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Ukimlisha mnyama mamilioni ya bakteria, huenda wanaoanzisha makazi ni sehemu ndogo sana, na waliobaki hufa bila kujali jeni walizo nazo. Bakteria anaweza kukosekana kwa bahati mbaya tu. Hesabu isiyozingatia hilo huzaa orodha ndefu ya jeni ambazo hazina hatia.

Dawa yake ni kupima ukubwa wa bahati hiyo. Mwaka 2015 kikundi cha Waldor kilieleza njia ya kuwawekea bakteria wazima, wasiovurugwa jeni yoyote, alama mbalimbali za DNA mahali pasipoathiri chochote, kisha kuangalia ni alama ngapi zinasalia. Zikipungua sana, mlango ulikuwa mwembamba, yaani wengi walipotea kwa bahati tu. Halafu kila jeni inayoshukiwa huondolewa peke yake, bakteria huyo hushindanishwa na mzima ndani ya mnyama mmoja, na mwisho jeni hurudishwa. Nguvu ikirejea, ndipo tunaposadiki. Mtaalamu wa bakteria Stanley Falkow aliandika masharti ya aina hii mwaka 1988, na bado sioni sababu ya kuyalegeza.

Dhana: Jeni hizi zote ni za kunatia.

Kunata ni sehemu tu. Majaribio ya kuvuruga jeni huzitaja mara kwa mara zile za kutengeneza chakula ambacho bakteria hakipati cha kutosha utumboni, kwa mfano purini, malighafi ya kujengea DNA, na zile za kutengeneza ganda la nje la sukari. Salmonella naye huchochea uvimbe wa utumbo, na kemikali zinazotolewa na mwili katika vita hiyo hugeuza kemikali yenye salfa iliyopo kuwa tetrathionati, ambayo yeye huitumia kupumulia pasipo oksijeni. Hilo lilionyeshwa mwaka 2010. Bakteria wengi wenyeji wa utumbo hawana jeni za kazi hiyo, kwa hiyo yeye hunufaika na moto aliouwasha.

Na hata wanaonata hawanati kwa namna moja. Aina ya E. coli inayoharisha watoto hubeba protini iitwayo Tir, huichoma ndani ya seli ya utumbo, kisha hujishikiza kwenye protini hiyohiyo.

Dhana: Kilichoonekana kwa panya ni hivyohivyo kwa binadamu.

Mara nyingine ndiyo, kama TCP. Lakini panya mkubwa humzuia Vibrio kwa msaada wa bakteria wake wenyeji, ndiyo maana hutumika vitoto vya panya, au vya sungura ambao huharisha maji kama mtu. Jeni inayoonekana ya lazima kwa mnyama mmoja inaweza kuwa ya ziada kwa mwingine.

Dhana: Haya ni ya maabara, hayamfikii mgonjwa.

Dawa ya kuzima jeni za kujikita bado haijafika hospitalini. Kemikali iitwayo virstatini ilizuia bakteria kujikita kwa vitoto vya panya katika utafiti wa 2005, lakini anayeharisha leo anaokolewa na maji ya chumvi na sukari au dripu.

Kwenye chanjo mambo ni tofauti. Chanjo ya kumeza iliyotolewa Unguja na Pemba mwaka 2009 ilikuwa na bakteria waliouawa pamoja na kipande cha sumu kisicho na madhara. Chanjo zinazotumika zaidi Afrika sasa hazina kipande hicho kabisa, na bado zinakinga. Kingamwili muhimu zinazozalishwa hulenga ganda la sukari la nje, lile lile ambalo jeni zake hujitokeza katika majaribio ya kuvuruga. Bakteria aliyekamatwa ganda hilo hushindwa kuogelea hadi ukutani.