Kitabu ni Kiarabu. Vitabu je?

Juzi saa nne usiku mpwa wangu kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Ana miezi mitatu sasa anajifunza Kiarabu kwa simu, na kila neno analolitambua analipokea kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. Kitabu, habari, samaki, bahari, wakati, dunia, safari. Akayataja yote, kisha akamalizia: "Mjomba, kumbe Kiswahili ni Kiarabu tu kilichovunjikavunjika!"

Ningeweza kulala nikamjibu asubuhi. Lakini mimi ni mwanaakiolojia, na wiki hiyohiyo nilikuwa magofuni Kilwa Kisiwani, pwani ya kusini ya Tanzania, tunachekecha udongo wa shimo tulilochimba, na mwalimu aliyevusha darasa zima kwa mashua akasimama mbele ya Msikiti Mkuu akawaambia wanafunzi: "Andikeni. Majengo haya yalijengwa na Waarabu." Wakaandika, vichwa vimeinama, hakuna aliyeuliza. Nimeisikia sentensi hiyo kwenye daladala, kwenye harusi, kwa waongoza watalii, hata kwa watu wenye shahada za historia. Safari hii naandika kwa urefu, ili nikiulizwa tena nitume kiungo.

Sina ugomvi na Kiarabu. Bila Kiarabu nisingeweza kusoma sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, wala maandishi ya makaburini. Natamani kila kijana wa pwani akisome, na mpwa wangu aendelee. Kinachonikera ni kuruka kutoka orodha ya maneno hadi nasaba ya lugha, kisha kutoka nasaba ya lugha hadi kuamua nani alijenga ukuta.

Tuanze na hicho kitabu. Waarabu husema kitab, na vikiwa vingi ni kutub. Irabu za ndani zinabadilika, herufi k, t na b zinabaki. Mswahili alipolipokea neno hili, sikio lake lilisikia "ki" mwanzoni, na kwake "ki" ina kazi: kiti viti, kisu visu, kitanda vitanda. Kwa hiyo akasema vitabu. Hakuna Mwarabu aliyewahi kusema vitabu. Ni jambo lilelile lililotokea Dar es Salaam pale madereva walipoona kibao cha "keep left" kwenye mzunguko wa barabara: kikawa kiplefti, na vikiwa viwili ni viplefti. Bati la kuzuia matope kwenye gurudumu likaitwa madigadi, na kwa kuwa "ma" ni ya wingi, moja likawa digadi. Sijasikia mtu akisema Kiswahili ni Kiingereza kilichovunjika kwa sababu ya viplefti.

Sasa chukua "hawakunisamehe". Kusamehe kumetoka Kiarabu, sawa. Lakini neno zima lina vipande vitano. Ha ya kukanusha, wa ya hao watu, ku ya wakati uliopita unaokanushwa, ni ya mimi niliyekosa, na mwisho ndipo huyo samehe. Vipande vinne ni vya Kibantu, vimepangwa Kibantu, na hicho cha tano kikishaingia kinatii amri za mwenyeji: samehewa, sameheana. Mpelekee neno hilo mtu wa Muscat asiyejua Kiswahili, hataokota kitu. Mpelekee Mgiriama au Mpokomo, hata kama mzizi haujui, ataona nani anamfanyia nani na lini. Lugha hizo ni dada zake Kiswahili, pamoja na Kikomoro, katika kikundi ambacho wanaisimu hukiita Sabaki.

Mpwa wangu alikuja na namba: sita, saba, tisa. Ni kweli, ni za Kiarabu. Lakini moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi si za Kiarabu. Na hizo tatu zenyewe zilichukua viti vya wengine. Sita iliitwa tandatu, saba mfungate, tisa kenda. Kenda bado ipo katika jina la Mijikenda, watu wa miji tisa. Na mfungate? Mpwa wangu alioa mwaka jana, akakaa fungate na mkewe. Siku saba. Alikuwa anahesabu kwa Kiswahili cha kale ndani ya chumba chake mwenyewe.

Halafu kuna maneno yaliyoazimwa yakageuzwa kabisa. Saqf kwa Kiarabu ni paa au dari, kitu cha juu ya kichwa. Kwetu sakafu ni pa kukanyaga. Ukiishi katika nyumba ya mawe ya ghorofa, dari ya jirani wa chini ndiyo unapotandika mkeka wako, kwa hiyo naelewa jinsi neno lilivyoweza kushuka miguuni. Nalipenda neno hili kuliko yote, maana ndani yake unaona watu wanaokaa katika nyumba zao na kuyatengeneza maneno kufuatana na nyumba hizo.

Wapo wanaoshikilia jina lenyewe: Swahili ni sawahil, wingi wa sahil, pwani, basi kila kitu ni cha Kiarabu. Afrika ni jina tulilopewa na Warumi, na sijamwona anayesema sisi ni Warumi. Tuendelee.

Ukuta sasa.

Magofuni watu hutazama juu. Matao, mihirabu, kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa, na kweli ni vitu vya kukufanya unyamaze. Mimi kazi yangu iko chini, kwenye vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika. Kimoja kiko mbele yangu maabara ninapoandika haya. Ni kipande cha shingo ya chungu, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Chini ya mdomo pamechanjwa safu ya pembetatu, na kila pembetatu imejazwa mistari ya mshazari. Vilichanjwa udongo ukiwa bado mbichi, kwa kijiti chenye ncha. Pembetatu ya tatu ina mstari mmoja uliopitiliza mpaka wake, mkono uliteleza. Upande wa nje una masizi. Hiki kilipikia chakula, kikavunjika, kikatupwa jalalani.

Vyungu vya namna hii vinapatikana kuanzia Lamu hadi Msumbiji na Komoro, na bara pia, katika matabaka ya karne ya 7 hadi ya 10. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anavitambulisha kwa hizo pembetatu zilizochanjwa, wengine wanaviita vya Tana, na ugomvi wa jina nauacha kwa leo. Ninachotaka ulijue ni hili: katika sehemu nyingi tunazochimba pwani, vyombo vilivyotoka ng'ambo, yaani vya Ghuba, vya India na vya China, havifiki vipande vitano katika kila mia. Vilivyobaki vyote ni vya hapahapa. Lakini nenda kwenye kabati la makumbusho uone kinachowekwa mbele chini ya taa. Ni bakuli la China.

Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, Lamu, ndipo palipotufundisha mengi zaidi. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba huko miaka ya 1980 na kushuka tabaka baada ya tabaka. Juu kulikuwa na mji wa mawe ulioachwa karne ya 15. Chini yake, mahali palepale pa msikiti, kulikuwa na msikiti mdogo zaidi, na chini ya huo mwingine, hadi ukafika kwenye mashimo ya nguzo ardhini. Jengo la kwanza lilikuwa la miti, karne ya 8. Watu wale waliswali katika kibanda cha miti, wajukuu wao wakajenga kwa matumbawe yaliyokatwa mabichi baharini, ambayo yakiwa na maji huchongeka kama muhogo na yakikauka huwa magumu, kisha vitukuu wakajenga kwa mawe ya nchi kavu na chokaa. Mji haukuletwa na jahazi ukashushwa ukiwa umekamilika. Ulikua palepale, na vyungu vya pembetatu vikiwemo tangu tabaka la chini.

Mbona basi imani hii haifi? Walimu hawakuitunga. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu ya Gedi, pwani ya Kenya, mwaka 1948, aliuita mji ule wa Waarabu katika jina lenyewe la ripoti yake ya mwaka 1954. Wakoloni hawakupata tabu kuamini kwamba jiwe haliwezi kuwa la Mwafrika. Ila tuwe wakweli, wenyewe tulichangia. Familia za waungwana zilijivunia nasaba ya ng'ambo, na wakati wa ukoloni kuandikwa "mwenyeji" au "si mwenyeji" kulibadilisha kodi na haki za mtu. Ungekuwa wewe, ungejiandikisha nani?

Hapa ndipo ninapogombana na kundi la pili, na afadhali nilitaje, maana mara nyingi linadhani niko upande wake. Hawa ni wale wanaosema hakuna mgeni hata mmoja, habari za Washirazi, wahamiaji wanaosimuliwa kuwa walitoka Shiraz, Uajemi, ni uongo mtupu. Nilifundishwa hivyo chuoni, na kwa miaka kadhaa nami nikafundisha hivyo. Tarihi ya Kilwa, masimulizi ya kale ya masultani wa mji huo, inasimulia kuwa Ali bin Hasan alitoka Shiraz akakinunua kisiwa kwa nguo. Tulikuwa tunaisoma darasani kama ngano ya watu waliotaka ukubwa.

Mwaka 2023 yakachapishwa matokeo ya DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Ilionekana kuwa wengi walikuwa na asili mbili. Upande wa mama karibu wote ulikuwa wa Kiafrika. Upande wa baba kwa kiasi kikubwa ulitoka Asia, na wengi wa hao baba walikuwa Waajemi, yaani watu wa Uajemi, Iran ya leo. Kuchanganyika kulianza kabla au karibu na mwaka 1000. Asili ya Arabuni inaongezeka baadaye, baada ya 1500.

Nilisoma matokeo yale mara tatu. Ile tarihi niliyokuwa naipuuza ilikuwa imebeba kumbukumbu ya kweli. Ushahidi mwingine tulikuwa nao mdomoni siku zote: nahodha, nanga na bandari ni maneno ya Kiajemi, na Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Unguja, unafuata kalenda ya Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi. Wanafunzi niliowafundisha kinyume nawaomba waufute ukurasa ule.

Lakini soma vizuri kabla hujamkimbilia yule mwalimu wa Kilwa kumpa pole. Waajemi si Waarabu, kwa hiyo sentensi yake haikuokolewa. Nyumba za miti za Shanga ni za karne ya 8, mapema kuliko mchanganyiko huo. Na hao baba waliokuja hawakuacha lugha yao. Waliacha maneno tu, yakiwemo ya chombo na ya bahari. Watoto walilelewa na mama na bibi na wajomba, wakazungumza lugha ya nyumbani kwa mama, wakala katika vyungu vya nyumbani kwa mama. Mtu anayeniambia baba alikuwa wa Shiraz kwa hiyo mji ni wa Shiraz, amemtoa mama katika hesabu.

Nina mashaka yangu pia kuhusu hiyo DNA, na nitayasema. Kwanza, mifupa iliyopimwa pwani ni ya kuanzia miaka ya 1250. Huo mwaka 1000 umepatikana kwa kukokotoa kurudi nyuma, hakuna maiti ya mwaka 1000 iliyotoa jibu. Pili, tumewapima akina nani? Wengi walizikwa makaburi ya mawe karibu na misikiti. Hao ndio waliokuwa na uwezo, na ndio hasa ambao mfanyabiashara mgeni angewaoa. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga jumba la kifalme la Husuni Kubwa. Anasema wengi wa wakazi ni Wazanji, jina ambalo Waarabu waliwaita Waafrika wa pwani hii, weusi sana, wenye chale usoni. Anasema pia nyumba ni za miti. Watu wamesumbuka sana na sentensi hiyo, kwa kuwa mawe yapo na tunayaona. Mimi namwamini. Mtu aliyepita mitaani Kilwa angeziona nyumba nyingi zaidi za miti na udongo kuliko za mawe, na zile za udongo mvua imezirudisha ardhini.

Msimu ujao tunafungua shimo nje ya eneo la mawe, upande ambao leo kuna mashamba na michikichi michache. Pana vigae vingi juu ya ardhi, pana vipande vya udongo uliokandikwa ukutani na kuungua, na ndani yake unaona alama za fito, pande mbili, kama zilifungwa jana. Jiwe hakuna.

Mpwa wangu nilimjibu kwa sauti, dakika kumi na moja. Alfajiri nikakuta ameandika: "Sawa mjomba. Na chungu?" Nikamwambia chungu ni chetu, vyungu vilevile. Sasa anataka likizo ya Juni aje achekeche. Nimemwambia alete kofia na hilo daftari lake la maneno.