Lenzi za vioo kwenye kamera za SLR: kinachoamua ni unene wa pete

Kijana anayetaka kumpiga picha furukombe aliyetua mbali na ufuko, mtafiti anayetaka kusoma namba za mitumbwi kabla haijafika mwalo wa Kibirizi, mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi mashimo ya mwezi: wote wanahitaji lenzi ya milimita 500 au zaidi. Ikiwa mpya, tena yenye kujifokasi yenyewe, bei yake huweza kupita ya pikipiki. Ndiyo maana lenzi za vioo za mtumba, yaani zinazokusanya mwanga kwa vioo vinavyouakisi, zinapendwa hapa Kigoma, na ndiyo maana kitengo chetu cha vifaa vya picha chuoni kinaulizwa swali lilelile kila mara na wenye kamera za SLR, yaani zenye kioo ndani kinachoruka unapopiga picha: je, hii itakaa kwenye kamera yangu?

Watu wengi wanajibu swali hilo kwa kuangalia jina la kampuni. Jina halitoshi. Jibu linapatikana kwa kupima, hasa unene wa pete ya chuma inayounganisha lenzi na kamera.

Tuanze na lenzi yenyewe. Mwanga unaingia kwa mbele, unagonga kioo kikuu kilicho nyuma, unarudi mbele kwenye kioo kidogo kilichobandikwa katikati, kisha unatoka kupitia tundu lililo katikati ya kioo kikuu hadi kwenye kamera. Kwa kuwa njia ya mwanga imekunjwa hivyo, lenzi ndefu inakuwa fupi: Tamron SP ya milimita 500 haifiki urefu wa sentimita 10, na uzito wake ni takriban gramu 600. Mrusi Dmitri Maksutov alitumia mpangilio wa jamii hii kubuni lenzi za MTO, ambazo bado zinazunguka kwenye masoko ya mtumba zikiwa nzito na imara.

Kwa anayetaka kuhamisha lenzi kutoka kamera moja kwenda nyingine, lenzi ya vioo ina sifa moja kubwa: haina matundu ya kufungua na kufunga ili kubadilisha kiasi cha mwanga. Ni f/8 (kipimo cha mwanga unaopita) asubuhi, f/8 jioni. Ukihamisha lenzi ya kawaida unapoteza mawasiliano kati ya kamera na matundu hayo. Hapa hakuna cha kupoteza, na nyingi za lenzi hizi hazina hata waya mmoja wa umeme ndani. Ya Minolta AF ya milimita 500 ni tofauti, maana inajifokasi kwa msaada wa kamera yake. Usiinunue kwa ajili ya kamera ya kampuni nyingine.

Sasa vipimo. Kila kamera ina kina chake, yaani umbali kutoka uso wa chuma pale lenzi inapofungwa hadi kwenye filamu au sensa, kipande kinachopokea picha kwenye kamera za kidijitali. Nikon F ina milimita 46.5, Pentax K 45.46, Canon EF 44. Lenzi ikikaa mbali kuliko ilivyopangiwa, vitu vya karibu utaviona vizuri lakini vya mbali vitabaki na ukungu. Kwa hiyo lenzi iliyotengenezwa kwa kamera yenye kina kikubwa inahamia kwenye kamera yenye kina kidogo, na pete inajaza pengo. Lenzi ya vioo ya Nikon inakwenda kwenye Canon EF kwa pete ya milimita 2.5. Ya Canon EF haiendi kwenye Nikon, kwa sababu ingebidi izame ndani ya mwili wa kamera.

Kuna pete zenye kipande cha lenzi ndani zinazouzwa kutatua tatizo hilo. Ushauri wangu ni kuziacha. Lenzi za vioo tayari zina picha iliyopoa kidogo, nyeusi yake si nyeusi kabisa, na kipande cha bei rahisi kinazidi kuiharibu.

Mwaka 1957 Tamron ya Japani ilileta mfumo wa T, ambao naamini ni moja ya huduma kubwa aliyowahi kufanyiwa mpiga picha wa kipato kidogo. Lenzi inaishia kwenye nyuzi za skrubu zenye kipenyo cha milimita 42 na hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 0.75, na kina chake ni milimita 55. Namba hiyo inazidi kina cha kamera zote za SLR za filamu ya milimita 35 zilizozoeleka, kwa hiyo daima kuna nafasi ya pete. Fanya hesabu ya kutoa: pete ya T kwa Nikon iwe na unene wa milimita 8.5, kwa Canon EF 11, kwa Pentax K 9.54. Hata kamera mpya zisizo na kioo cha kuruka zinaingia humo. Sony E yenye kina cha 18 inahitaji pete ya milimita 37. Lenzi nyingi za Samyang za 500 na 800 ni za mfumo huu, na ukinunua kamera nyingine kesho unabadilisha pete tu.

Lakini hapa ndipo lenzi nyingi zinapoharibikia. Kamera za Praktica na Pentax za zamani nazo zina nyuzi za milimita 42, zinazoitwa M42, ila hatua yake ni milimita 1 kamili. Kwa macho zinafanana. Pete ya M42 itaingia kwenye lenzi ya T kama mzunguko mmoja hivi, kisha itakaza. Mtu asiyejua anaongeza nguvu au anachukua koleo, na nyuzi za aluminiamu zinakwisha. Pete ikikaza mapema, irudishe nyuma kwa mkono na upime upya. Lenzi za MTO nyingi ni M42, na kina chake ni 45.46: zinakwenda kwenye Canon EF kwa pete nyembamba ya milimita 1.46 bila shida yoyote.

Je, M42 kwenye Nikon? Pengo ni milimita 1.04 kwa upande mbaya: lenzi inakaa mbali mno kwa kiasi hicho. Kwa lenzi ya milimita 50, kosa la milimita moja linakuzuia kuona vizuri kupita mita 2.5. Kwa lenzi ya milimita 500, kosa hilohilo linakuzuia kupita mita 250, kwa sababu umbali huo unafuata mraba wa urefu wa lenzi. Isitoshe, watengenezaji wa lenzi za vioo huacha pete ya fokasi izunguke kupita alama ya mbali kabisa, maana chuma kinatanuka na kusinyaa kwa joto. Ziada hiyo mara nyingine inalifuta kosa lote. Ijaribu kwanza kabla ya kuambiwa haiwezekani.

Angalia pia nyuma ya lenzi. Nyingi zina kichujio kidogo cha kioo kilichofungwa kwa skrubu, na muuzaji wa mtumba anaweza kukuambia si muhimu. Ni sehemu ya hesabu ya lenzi. Kioo kinasogeza mahali picha inapojiunda kwa takriban theluthi ya unene wake, hivyo kichujio cha milimita 2 kikikosekana ni sawasawa na pete iliyozidi kwa milimita 0.7.

Ukishafunga, alama za lenzi zinaweza kuangalia chini. Pete nyingi za T zina skrubu tatu ndogo ubavuni; zilegeze, zungusha lenzi hadi alama ziwe juu, kaza.

Kamera itakwambia haina lenzi. Canon EOS za SLR zitapiga kwa M (unapanga kila kitu mwenyewe) au Av (kamera inachagua spidi). Nikon za daraja la D3000 na D5000 zitapiga kwa M tu na hazitapima mwanga, kwa hiyo anza kwa kukisia. Jua kali la Julai ziwani, ISO 400, f/8: kanuni ya kawaida ingetoa spidi ya 1/1600 ya sekunde, lakini kioo kidogo cha katikati kinakula sehemu ya mwanga, basi anza na 1/1000. Spidi hiyo ndiyo pia mkono unayohitaji kwa lenzi ndefu namna hii. Chini ya hapo tumia stendi ya miguu mitatu na kipima muda, ili kidole kikibonyeza kisitikise kamera. Fokasi kwa skrini, ukiikuza. Kwenye kamera za filamu, duara la katikati linaloonyesha vipande viwili litakuwa jeusi nusu. Tumia sehemu ya kando yake.

Wanaokwenda Hifadhi ya Gombe huniuliza kama waibebe. Msituni, hapana. Chini ya miti f/8 ni giza, na kwa mita 10, umbali ambao wageni hutakiwa kuuacha kati yao na sokwe, lenzi ya 500 kwenye kamera yenye sensa ndogo inaona upana usiofika nusu mita. Utarudi na pua na mabega. Ufukweni ni habari nyingine: nyani wanaotembea juani kwenye kokoto, na mitumbwi, vinapendeza sana, mradi upige asubuhi kabla hewa haijaanza kucheza kwa joto.

Jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, kila mwenye kamera Kigoma huligeukia. Nakuomba, usilitazame jua kupitia dirisha la kamera yenye lenzi hii, hata likiwa limeshuka. Kioo kikuu kinakusanya mwanga na kuupeleka moja kwa moja jichoni, na jicho halirudi. Kichujio cha jua kinawekwa mbele ya lenzi, kamwe si nyuma, ambako joto limeshakusanyika na linaweza kukipasua. Ukiiweka lenzi mezani, ifunike.

Kupima kama pete yako ni sahihi, subiri mwezi. Kwa lenzi ya milimita 500 picha yake kwenye sensa ina upana wa takriban milimita 4.5, inatosha kuona kingo za mashimo. Zungusha fokasi kuelekea mbali. Mwezi ukikolea kisha ukaanza kufifia kabla pete ya fokasi haijagota, kila kitu kiko sawa. Ukiendelea kukolea mpaka pete ya fokasi inagota bila kufika, pete ya kuunganishia ni nene mno. Ipime kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, na kama muuzaji haibadilishi, ipeleke kwa mkereza vyuma. Mwandikie kwenye karatasi unene unaotakiwa, na umwambie apunguze upande wa lenzi, asiguse upande wa kamera.