Anayepanda Daraja la Kodi Ni Shilingi, Si Wewe

Jumamosi iliyopita, kijiweni Chikongola, hapa Mtwara, kijana mmoja ninayemfahamu tangu anasoma alitoa slipu ya mshahara mfukoni, akaikunjua juu ya benchi na kuikandamiza kwa kikombe cha kahawa isipeperuke. Kazini kwao wanataka kumpa usimamizi wa zamu, na mshahara utoke 1,100,000 uwe 1,200,000. Anataka kukataa.

"Mjomba, nikikubali naingia daraja la thelathini, lile la kodi ya asilimia 30. Laki yote inaliwa, na wa zamani nao unaguswa."

Wenzake watatu wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Mimi kazi yangu ni kuandaa mishahara ya watu, na maneno hayo nimeyasikia Mtwara na Lindi, kwa walimu, kwa manesi, kwa madereva wa malori, kwa makarani wa maghala ya korosho. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo.

Daraja la kodi ni kipande cha mapato ya mwezi ambacho sheria imekiwekea asilimia yake. Kwa jedwali la Tanzania Bara lililoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8. Hadi 760,000 ni 20, hadi 1,000,000 ni 25, na kinachozidi milioni ni 30. Mapato yanayohesabiwa ni yale yaliyobaki baada ya kutoa mchango wako wa pensheni, ambao kwa kawaida ni asilimia 10 kwa aliye NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, na 5 kwa aliye PSSSF, ule wa watumishi wa umma. Bima ya afya na deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu vinaonekana kwenye slipu hiyohiyo, lakini hivyo ni makato, si kodi, na havipunguzi mapato yanayotozwa kodi. Kuna watu huita kila kilichokatwa "kodi", nao wana somo lao siku nyingine.

Leo nina ugomvi na neno daraja.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni kidato cha ngazi: unakikanyaga, unapanda kingine, na kile cha chini kinabaki palepale kilipo. Lilipofika kwetu likazaa maana nyingine. Sisi wa kusini daraja tunalolijua zaidi ni lile la Mkapa, pale Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003. Aliyesafiri kabla ya hapo anakumbuka foleni ya kivuko cha Ndundu, mabasi yamepangana, watu wamelala kwenye mikeka kando ya barabara. Daraja la namna hiyo basi likivuka limevuka lote, na abiria wa viti vya nyuma na mizigo ya juu. Hakuna nusu inayobaki ng'ambo.

Kisha kuna daraja la utumishi. Mwalimu akipanda daraja, amepanda yeye mzima. Barua inatoka, cheo kinabadilika, na mshahara wake wote unahamia kwenye mstari mwingine wa jedwali. Hakuna mwalimu ambaye shilingi zake laki tano zimebaki daraja la chini huku mia mbili zikiwa la juu.

Sasa chukua neno lililozoea kumvusha mtu mzima na basi zima, ulibandike kwenye kodi. Msikilizaji ataelewa nini? Ataelewa kwamba akivuka milioni kwa shilingi moja, milioni nzima imevuka naye na inakatwa asilimia 30. Kijana wangu si mjinga. Ameelewa neno vile linavyotumika kila siku. Kosa ni letu sisi tunaolitumia ofisini bila kusema kwamba kwenye kodi limerudi kwenye maana yake ya kale, kidato cha ngazi.

Mkoani kwetu nadhani kuna sababu nyingine. Wengi tumelelewa na fedha za korosho, na makato ya kwanza tuliyoyaona wazazi wetu wakikatwa yalikuwa ya kwenye chama cha msingi, ushirika wa wakulima. Pale makato huenda kwa kilo. Ukipeleka kilo hamsini au elfu mbili, kilo ya kwanza na ya mwisho zinakatwa sawasawa, nawe unazidisha tu. Mtu akitoka na hesabu hiyo nyumbani, akifika kwenye mshahara ataona kawaida kabisa kwamba asilimia moja inapita kwenye shilingi zote. Kodi ya mshahara haiendi hivyo. Shilingi ya kwanza haiguswi, na ya milioni moja na moja inakatwa senti thelathini, ingawa zote ni za mtu mmoja na zimeingia siku moja.

Jedwali lenyewe linasema wazi, ila neno linalobeba maana yote tunaliruka. Mstari wa mwisho unasomeka hivi: 128,000 kujumlisha asilimia 30 ya kiasi kinachozidi 1,000,000. Hizo 128,000 ni kodi ya milioni ya mwanzo. Macho yanakwenda kwenye 30. Yangepaswa kwenda kwenye "kinachozidi". Ndugu wa neno hilo ni zaidi, ziada na zidisha, na wote wanazungumzia kitu kilichoongezeka juu ya kingine ambacho bado kipo. Mama akijaza pishi ya mchele ukamwagika, uliozidi ni ule ulioanguka mkekani. Uliomo ndani ya pishi haukuhama.

Nikachukua kalamu, nikaandika mgongoni mwa slipu ile.

Mshahara wa sasa, 1,100,000. NSSF 110,000. Inayotozwa kodi 990,000, na kodi yake ni 125,500. Mkononi 864,500.

Mshahara mpya, 1,200,000. NSSF 120,000. Inayotozwa 1,080,000. Kodi ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya elfu themanini zilizozidi milioni, yaani 24,000. Jumla 152,000. Mkononi 928,000.

Katika ile laki, elfu kumi imekwenda pensheni, 26,500 imekwenda kodi, na 63,500 imebaki kwake kila mwezi. Kwa hesabu aliyokuwa nayo kichwani, kodi ingekuwa 324,000 na angerudi nyumbani na 756,000, pungufu kuliko anachopata leo. Hiyo ndiyo hofu iliyotaka kumfanya akatae kazi ya kusimamia watu ishirini.

Neno hilihili linawapoteza watu kila sheria ya kodi inapobadilika, na hapo siwezi kunyamaza. Julai 2021 asilimia ya kidato cha kwanza kinachotozwa ilishushwa kutoka 9 hadi 8. Habari ikasambaa: kodi ya mshahara imeshuka kwa asilimia moja. Watu wakakata asilimia moja ya mshahara wote. Mwenye 1,500,000 ya kutozwa kodi alitarajia 15,000. Akapata 2,500. Mwezi ule nilisimamiwa mlangoni na watu waliotaka kujua 12,500 zao nimezipeleka wapi, na mmoja wao, mtu mzima ninayemheshimu, hakunisalimia kwa wiki mbili. Jibu lilikuwa moja kwa wote: asilimia iliyoshuka inagusa kile kipande cha kati ya 270,000 na 520,000 tu. Kipande hicho ni shilingi 250,000, na asilimia moja yake ni 2,500. Anayetozwa kwenye laki tano na ishirini na anayetozwa kwenye milioni tano walipata nafuu ileile.

Mwaka mmoja nyuma yake, Julai 2020, yalipita mabadiliko makubwa zaidi, na mazungumzo yake kijiweni yalikuwa machache. Asilimia zilibaki zilezile: 9, 20, 25, 30. Vilivyosogezwa ni vidato. Kisichotozwa kikatoka 170,000 kikawa 270,000. Asilimia 20 iliyokuwa ikianzia 360,000 ikasogea hadi 520,000, ya 25 ikatoka 540,000 hadi 760,000, na ya 30, iliyokuwa ikianza 720,000, ikasubiri hadi milioni. Aliyekuwa na milioni moja ya kutozwa kodi alikuwa akilipa 182,100. Akaanza kulipa 130,500. Ni 51,600 kila mwezi, zaidi ya mara ishirini ya ile nafuu ya mwaka uliofuata. Mwenye 270,000 naye alikuwa akikatwa 9,000, akaacha kukatwa kabisa. Kwa sababu hakuna asilimia iliyotajwa kushuka, wengi walidhani ni mwajiri aliyewaongeza.

Kwa hiyo bajeti ikisomwa Juni na ukasikia kodi ya mshahara ikitajwa, uliza kwanza kidato gani, kinaanzia shilingi ngapi na kinaishia ngapi. Asilimia uliza baadaye.

Sitaki kumkataza mtu kusema "daraja". Limeshazoeleka, na kwa asili yake ni neno sahihi. Naomba tu lisiachwe peke yake. Ukisema "naingia daraja la thelathini", malizia: kwa shilingi ngapi? Kijana wangu aligeuza slipu, akasoma hesabu polepole mara mbili, kidole kikifuata mistari, hadi kahawa ikapoa. Kisha akamgeukia mwenzake aliyekuwa akitikisa kichwa tangu mwanzo.

"Naingia kwa elfu themanini," akamwambia. "Milioni yangu haihami."