Harusi ni Jumamosi, Gundi Haijakauka

Ijumaa usiku, kuamkia harusi ya dada yangu mdogo, bafu la nyumba yetu ya South B lilikuwa na ndoo saba za mawaridi na hakuna aliyeweza kuoga. Sebuleni shangazi wawili walikuwa wakikata riboni, mmoja akilalamika kwamba mkasi ni butu, mwenzake akimjibu kwamba mkasi ni mzima, mkono ndio umechoka. Mjomba alikuwa ameulizia chai mara tatu. Mimi nilikuwa na bunduki ya gundi na lengelenge kwenye kidole gumba, na bi harusi mwenyewe, saa nane za usiku, alikuwa akiandika majina ya meza kwa kalamu iliyokaribia kuisha wino.

Tangu siku hiyo nimeitwa kwenye kamati kadhaa za harusi hapa Nairobi, nadhani kwa sababu ya ile bunduki ya gundi, na kila mahali nakuta imani zilezile. Nyingi zina mzizi mmoja: tunadhani vitu vitaharakisha kwa kuwa sisi tuna haraka. Maua yana saa zake. Hina ina zake, keki ina zake, na serikali nayo ina zake.

"Tukijitengenezea wenyewe tutaokoa pesa"

Wakati mwingine, ndiyo. Lakini piga hesabu kabla ya kushika njia ya soko la Gikomba. Wageni 300, kumi kwa kila meza, ni meza 30. Pambo moja la katikati ya meza, yaani chupa iliyozungushiwa kamba ya katani, kipande cha lesi na ua la karatasi, humchukua mtu mwenye mkono mwepesi kama dakika 25. Hizo ni saa 12 na nusu. Watu watatu wakigawana ni saa nne na ushee, bila chai, bila simu, na bila yule binamu anayekuja kusaidia akaishia kwenye kochi. Ongeza nauli ya kwenda Biashara Street kutafuta lesi, ya kurudi kwa sababu haikutosha, na ya mara ya tatu kwa sababu ile nyeupe imekwisha na iliyobaki ni ya rangi ya krimu. Hapo ndipo utakapoona kwamba yule mama wa kukodisha mapambo hakuwa ghali hivyo.

Kinachookoa pesa kweli ni kile unachoweza kukianza miezi miwili mapema na kukisahau kabatini: vijibendera vya kitenge, vitambaa vya meza, vikapu, vibao vya majina. Kitenge cha pamba kifue kwanza kabla hakijafika kwa fundi, maana hupungua maji ya kwanza yakikigusa.

"Maua yanunuliwe asubuhi ya harusi ndiyo yawe mabichi"

Hii huniumiza, hasa kwa kuwa tuko jirani na Naivasha. Kule mawaridi hukatwa, huwekwa kwenye chumba cha baridi, hupandishwa ndege hadi Ulaya, na hufika yakiwa na uso mzuri kuliko sisi. Siri yake ni maji na baridi, wala si kukatwa leo. Waridi ulilolinunua City Market asubuhi, ukalibeba kwenye matatu ukiwa umelikumbatia, lina kiu. Ukilifunga shada papo hapo, shingo itainama kabla kasisi hajamaliza mahubiri.

Nunua Alhamisi jioni au Ijumaa asubuhi. Kata shina upya kwa mshazari, sentimita mbili tatu, kwa kisu kikali, kwa sababu mkasi butu huliponda na kuziba njia ya maji. Ondoa majani yote yatakayozama, kwa kuwa yataoza humo ndani. Kisha yaache yanywe usiku kucha mahali pa baridi pasipo na jua. Kwa hiyo lile bafu letu halikuwa wazimu, ingawa baba mpaka leo hakubali.

Kuna wanaotia sukari, wengine soda, wengine vidonge vya maumivu. Sukari hulisha ua, ni kweli, lakini hulisha pia bakteria, na bakteria ndio wanaoziba mishipa ya shina. Ndoo iliyosuguliwa kwa jiki na kusuuzwa vizuri itakusaidia zaidi ya kopo zima la sukari. Na tafadhali, usiyaweke maua chumba kimoja na matunda ya karamu. Ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huyazeesha maua. Nimewahi kuona maua ya kanesheni, yale ya rangi ya waridi na meupe, yakisinyaa kwa usiku mmoja kando ya mikungu miwili ya ndizi. Mpishi alilaumiwa kwa jicho baya.

"Gundi ya moto ikishakauka haibanduki"

Gundi hiyo haikauki, inaganda tu. Ni plastiki iliyoyeyushwa, na kilichoyeyushwa kwa joto hulainika tena kwa joto. Nililijua hilo kwenye uwanja wa kanisa fulani, gari likiwa limeegeshwa juani tangu saa tatu na boksi la mapambo 40 likiwa kwenye buti. Tulipofungua saa tano na nusu, nusu ya maua ya karatasi yalikuwa yamelala chini ya boksi, nyuzi za gundi zikivutika kama bamia. Msimamizi wa bi harusi alinitazama, akavua viatu vyake virefu, akasema, "Haya dada, leta pini." Tulibana kwa pini mpaka kwaya ikaanza kuimba.

Kitambaa kishone kwa uzi. Kwenye chupa zungusha waya mwembamba. Kwenye mbao tumia gundi nyeupe ya seremala, ila uipe siku nzima ishike sawasawa, ndiyo maana haiwezi kuwa kazi ya Ijumaa usiku.

Kadi za kuchapa nyumbani zina hila kama hiyo. Wino wa printa ndogo ya majimaji huvuja tone la mvua likiugusa, na Nairobi ina mvua za Machi hadi Mei na tena za Oktoba hadi Desemba, miezi ambayo watu hawaachi kuoana. Peleka saiba yenye printa ya leza. Unga wake huyeyushwa juu ya karatasi na hauogopi manyunyu.

"Hina ipakwe usiku wa mwisho ikolee"

Nendeni South C au Eastleigh mkawaulize wapaka hina wazoefu. Hina halisi ukiibandua huacha rangi ya chungwa, na bi harusi asiyejua hulia. Rangi huendelea kukolea kwa saa 24 hadi 48, mpaka ifike kahawia ya kuiva. Harusi ikiwa Jumamosi, paka Alhamisi, iache mkononi saa sita hadi nane, ikwangue ikiwa kavu, na siku hiyo mikono isiguse maji. Vyombo ataosha mtu mwingine. Kwa mara moja bi harusi ana sababu ya haki.

Haraka ndiyo inayowaingiza watu kwenye piko. Ni nyeusi, hukolea saa hiyohiyo, na wengi huiita hina nyeusi wakiamini nayo ni jani. Piko ni dawa ya kutia nywele rangi. Mara nyingi huwa na kemikali iitwayo PPD, ambayo Umoja wa Ulaya huiruhusu kwenye dawa ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na haikukusudiwa kuchorwa kwenye ngozi. Inaweza kuleta malengelenge yanayofuata ua lote lilivyochorwa, wakati mwingine siku kadhaa baadaye, fungate ikiwa imeanza. Ngozi ikishaikataa mara moja, huenda ikakataa dawa za nywele maisha yote. Shangazi yetu wa Mombasa hataki kusikia haya. Anasema yeye alipakwa piko mwaka aliolewa na hakupata kitu. Shikamoo shangazi, lakini mkono huu si wako.

"Mapishi ni mapishi, popote"

Shangazi huyohuyo alikuja na kipimo chake cha keki, na keki ikapanda vizuri, kisha katikati ikadidimia kama shimo la barabara. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, gesi ndani ya mchanganyiko hutanuka upesi, na keki huinuka kabla haijapata nguvu ya kusimama. Punguza bekingi pauda, karibu robo ya kipimo, na uongeze maji kidogo. Maji yenyewe hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana mpishi kutoka Pwani huapa kwamba mchele wetu ni mkaidi.

Kama mnaoka wenyewe, keki ya matunda huokwa wiki kadhaa mapema na huzidi utamu. Ile laini ya sponji ndiyo ya mwisho, na ipoe kabisa kabla ya aisingi.

Vifuko vya nailoni vya kutilia zawadi za wageni msijisumbue navyo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Karatasi au kitambaa chembamba kinatosha. Na mkienda kupiga picha msitu wa Karura, chupa za maji za plastiki ziacheni nyumbani.

Kuhusu makaratasi, nitasema kifupi. Kwa ndoa ya serikali, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ilani ya maandishi kwa msajili siku zisizopungua 21. Leseni maalum ya kuepuka ilani hiyo ipo, lakini mipango isijengwe juu yake. Nimeona wenye ukumbi, keki na magari matano wakigundua hili wiki mbili kabla.

"Siku yenyewe tutalipa kwa M-Pesa"

Mtalipa, mpaka mfike kikomo cha siku, ambacho ni shilingi 500,000. Mpishi, tenti, muziki na magari wote husubiri salio lao saa ileile, na simu huwa moja. Lipeni wengine Alhamisi na Ijumaa, kisha simu apewe msimamizi, si bi harusi ambaye gauni lake halina mfuko. Kwenye harusi ya dada, mwenye tenti alisubiri mpaka saa kumi na moja jioni. Simu ya kulipia ilikuwa South B, bafuni, juu ya kifuniko cha ndoo ya saba.