Shamba la Mpokomo, kutoka ukingo wa Tana hadi bondeni

Ramani humchora Mpokomo, mkulima wa kando ya mto Tana nchini Kenya, kama mstari mwembamba unaoufuata mto huo hadi Kipini, unapoingia baharini. Lakini ukitaka kuelewa ardhi yake, usiufuate mto, ukatize. Kwa desturi, shamba ni ukanda unaoanzia ukingoni na kuingia ndani hadi mwisho wa bonde linalofurika.

Sababu ni udongo. Mto ukifurika, mchanga mzito hutua kwanza, karibu na maji, ukajenga tuta. Tope laini husafiri na kutuama nyuma, palipo chini. Juu ya tuta husimama migomba na miembe. Kwenye mteremko hupandwa mahindi, kunde na pojo maji yakishapungua. Chini kabisa ni mpunga. Maji yakizidi, tuta huokoa kitu. Yakipungua, bondeni hubaki unyevu.

Mpunga ndio wenye masharti. Mbegu hupandwa mvua zikianza, kabla mto haujajaa, ili maji yaingie miche ikiwa imeshasimama. Yakiwahi, miche michanga huzama ikaoza, yakichelewa, hukauka. Yakipanda polepole, mpunga hurefuka nayo. Mto hujaa misimu miwili, wa masika na wa vuli, lakini mabwawa ya juu, kuanzia Kindaruma (1968) hadi Kiambere (1988), na hasa Masinga (1981), yamepunguza mafuriko ya kadiri, yaleyale yanayoulisha mpunga. Makubwa bado huja mabwawa yakijaa, nayo hubeba mazao na nyumba. Kwa maoni yangu, hasara hii haijawahi kuhesabiwa kwa haki.

Kule Ozi, karibu na bahari, wakulima hutegemea bamvua: bahari ikijaa husukuma maji matamu ya mto hadi mashambani. Mto ukipungua, kinachopanda ni chumvi, na mpunga hufa.

Kwa hiyo anayepima ardhi hii asigawe viwanja vya mraba. Mmoja atapata tuta tupu, mwingine bonde tupu, na wote wawili watakuwa na mwaka wa njaa. Atembee na wazee wa gasa, baraza la Wapokomo, kutoka ukingoni hadi nyuma kabisa wakati wa kiangazi, aweke alama kila udongo unapobadilika, kisha akae na wazee wa Waorma, majirani wafugaji, kabla ya kuchora chochote, kwa kuwa malka zao, njia za ng'ombe kwenda kunywa maji, hupita kati ya mashamba haya. Malka ikizibwa, ng'ombe wenye kiu watapita kwenye mahindi.