Matandazo: kulinyima gugu jua

Matandazo ni kitu chochote kinachotandazwa juu ya udongo, katikati ya mimea, ili kuufunika. Majani makavu ya mgomba ni matandazo. Pumba za mpunga ni matandazo. Boksi la sabuni uliloomba dukani, ukilikunjua na kulilaza chini, nalo ni matandazo. Yanatunza unyevu, yanaulinda udongo na jua kali, lakini kwa sisi wa Mwanza tunaolima vijibustani pembeni ya nyumba, katikati ya mawe, faida ninayoitetea kuliko zote ni hii: yanazuia magugu bila dawa ya kununua.

Anza na udongo wenyewe. Ndani yake kuna akiba ya mbegu za magugu, nyingine zimelala humo miaka na miaka. Nyingi ni ndogo kama chembe za mchanga. Chakula kilichomo ndani yake ni kidogo mno kukisukuma chipukizi kutoka chini sana, kwa hiyo mbegu za aina hiyo husubiri zipate mwanga ndipo ziote. Kila ukipiga jembe unazileta juu. Ndiyo maana tuta ulilopalilia Jumamosi likawa safi kabisa, likipata mvua moja tu ya vuli, Jumamosi inayofuata lina kijani tele. Si kwamba hukupalilia vizuri. Jembe limeua yaliyoota na kuyaamsha yaliyolala.

Matandazo yanakata mzunguko huo. Mbegu iliyo juu haipati mwanga, na iliyo chini hailetwi juu wala haichokonolewi. Ile inayoota gizani inakuwa nyeupe, nyembamba, inajipinda kutafuta upenyo, na inaishiwa nguvu kabla haijaupata. Funua boksi lililolala wiki mbili utaviona hivyo vijiti vyeupe vimejilaza, na minyoo imepanda juu kufuata unyevu.

Namna ya kutandaza haina siri. Ng'oa yaliyopo au yafyeke yawe chini kabisa. Lowesha udongo. Boksi libandue gundi za plastiki na pini, kisha lilaze likiwa limelowa, kipande kipite juu ya kipande kwa upana wa kiganja. Ukiacha ufa, gugu litaupata. Maboksi yenye rangi za kung'aa yaache. Juu yake mwaga pumba za mpunga za mashineni au nyasi kavu zisizo na mbegu, kina cha sentimita 5 hadi 10. Kuzunguka shina la nyanya au bilinganya acha nafasi ya vidole vinne, shina lisije likaoza. Na usiyafukie. Boksi na pumba vikichanganywa na udongo, vijidudu vinavyovila hunyang'anya mimea naitrojeni na majani yanakuwa ya njano. Vikibaki juu, shida hiyo ni ndogo.

Kwenye miteremko ya Igogo au Mabatini mvua ikija kwa kishindo inabeba pumba zote hadi mtaroni. Panga mawe kukata mteremko, mawe hatujawahi kuyakosa. Halafu kuna mchwa. Boksi kavu kwao ni karamu, kwa hiyo usitandaze hadi kwenye ukuta wa nyumba au nguzo za mbao, na usiyaache yakauke kabisa.

Sasa vile vitu vya jikoni ambavyo watu huvitaja kwanza ukiwauliza namna ya kuua magugu bila dawa ya dukani. Siki ya kachumbari ina asidi kiasi cha asilimia 5. Ukiinyunyiza juani juu ya kigugu kichanga, majani yanaungua siku hiyohiyo. Tone la sabuni ya kuoshea vyombo linaisaidia kushika kwenye jani. Lakini haifiki kwenye mizizi, na gugu kubwa linachipua upya. Itumie kwenye nyufa za sakafu ya uani, na kumbuka haichagui: mchicha wako nao itauunguza. Maji ya moto ni vivyo hivyo. Kama umebakiwa na maji yanayochemka, yamwage kwenye magugu ya njia ya getini, lakini kuwasha mkaa kwa ajili hiyo tu sioni faida, na tutani yanaua hata minyoo.

Chumvi nakuomba uiache kabisa. Inaua kweli, ila haipotei. Jirani yangu mmoja, mama aliyekuwa akitengeneza kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, alizoea kumwaga maji ya chumvi ya sangara nyuma ya nyumba kila jioni. Alipoacha biashara akapanda mchicha palepale. Uliota umesinyaa, kingo za majani zimekauka kama zimepitishwa motoni. Chumvi inayazuia maji kuingia kwenye mzizi, kwa hiyo mmea unakauka hata udongo ukiwa umelowa. Kwenye udongo wa kichanga wa vilimani, ambao Wasukuma wanauita luseni, mvua itaishusha chumvi hiyo hadi kwa aliye chini yako. Kwenye udongo mzito wa mbuga itakaa muda mrefu zaidi.

Gugu linaloyatesa matandazo ni ndago. Lina vijiazi chini, kila kimoja na akiba yake ya chakula, na ncha yake ni kali kiasi cha kutoboa nailoni. Lakini halipendi kivuli. Tandaza maboksi tabaka mbili, na kila ncha inayochungulia ing'oe mapema, kabla haijapata muda wa kurudisha chakula kwenye kiazi. Usichoke mwezi wa kwanza, maana kila ncha unayoing'oa imeshakula sehemu ya akiba ile.

Na gugumaji? Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na bado linaziba fukwe zetu, kwa hiyo swali la kulitandaza ni la haki. Linafaa, likianikwa juu ya mwamba hadi likauke kabisa, nawe usilipitishe karibu na bwawa au kijito kingine. Lakini hufyonza madini mazito kutoka kwenye maji machafu, hivyo lile la karibu na mifereji ya mjini mimi ningelipeleka kwenye maua, si kwenye mboga.

Boksi likilazwa juu ya udongo mkavu huzuia hata mvua kuingia. Kwa hiyo anza kuyakusanya sasa, yarundike mahali pasipovuja, na mvua ya kwanza nzuri ya vuli ikishalowesha udongo, palilia na kutandaza siku hiyohiyo, kabla mbegu zilizoguswa na jembe hazijaota.